Mwaka 1858: Mambo ya Ulaya na Siku Tatu za Mwanza

Siku moja nilipokuwa nikifundisha habari za Ulaya katika shule moja ya Maswa, niliandika ubaoni mwaka 1858, na chini yake nikapanga mambo yaliyotukia katika mwaka ule kama kitabu kilivyoyapanga: mfalme fulani alitaka kuuawa akapona, sheria fulani ilitiwa sahihi, mtu fulani alizaliwa, na mwisho, katika mstari mmoja mfupi, Bwana Speke aliona Ziwa Victoria. Kijana mmoja wa Kanadi akasimama, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kabla ya mwaka huo Nyanza ilikuwa haionekani?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lakini jioni nilipokuwa nikisahihisha madaftari niliona kwamba wote arobaini wameuandika mstari ule kama nilivyouandika mimi, na swali lile halikunichekesha tena. Kitabu kiliushona mstari ule mwishoni kama kiraka juu ya nguo ya mtu mwingine, wala hakikueleza habari ile ilifikaje Ulaya, wala kwa vinywa vya nani.

Basi tangu siku ile nimejaribu kuupanga mwaka ule upya, ili mwanafunzi auone kuwa ni mwaka mmoja, si miaka miwili, wa kwao na wa kwetu. Nitaanza Ulaya, kisha tutarudi Usukuma.

Mwaka ulianza kwa damu. Tarehe 14 Januari, Napoleon III, mfalme mkuu wa Wafaransa, alikuwa akienda na mkewe kwenye nyumba ya michezo ya nyimbo mjini Paris, ndipo Mwitalia mmoja, jina lake Felice Orsini, pamoja na wenziwe, walipolitupia gari lake makombora matatu. Watu wanane walikufa na zaidi ya mia walijeruhiwa, lakini mfalme na mkewe walitoka wazima. Orsini alikatwa kichwa mwezi wa Machi. Kwa kuwa makombora yale yalikuwa yametengenezwa Uingereza, Wafaransa walikasirika sana, na waziri mkuu wa Waingereza, Lord Palmerston, alipojaribu kuwaridhisha kwa sheria mpya, bunge lake mwenyewe lilimwangusha. Tena, jambo la kustaajabisha ni hili: mfalme yule yule aliyetaka kuuawa kwa ajili ya mambo ya Italia alikutana kwa siri na Cavour, waziri wa Piedmont, huko Plombières tarehe 21 Julai, wakafanya shauri la kuwatoa Waaustria katika Italia ya kaskazini. Vita iliyotoka katika shauri lile ilipiganwa mwaka 1859, na majeruhi wa Solferino waliokuwa wamelala bila mtu wa kuwatazama ndio waliomtia uchungu Henri Dunant. Na katika uchungu ule ndimo kilimozaliwa chama cha Msalaba Mwekundu.

Siku kumi na moja baada ya makombora ya Paris kulikuwa na arusi London. Victoria, binti wa kwanza wa Malkia Victoria, aliolewa na Frederick, mwana wa ufalme wa Prussia. Walipotoka kanisani kinanda kilipiga wimbo wa arusi uliotungwa na Mendelssohn, na tangu siku ile wimbo ule ulienea mahali pote. Maarusi wetu wengi wametoka kanisani kwa sauti yake, wala hawajui kama wanafuata nyayo za binti wa Malkia. Mwana wa kwanza wa arusi ile alizaliwa Januari 1859, akaitwa Wilhelm. Naye ndiye aliyekuwa Kaisari mwaka 1888, na kwa mapatano yaliyofanywa na serikali yake na Waingereza tarehe 1 Julai 1890, Usukuma wote, Maswa pamoja nao, uliwekwa upande wa Wajerumani. Mwanafunzi akiuliza mwaka 1858 unamhusu nini, mwalimu na amwonyeshe arusi hii kwanza.

Wengine waliozaliwa mwaka ule nawataja kwa haraka. Max Planck alizaliwa Kiel mwezi wa Aprili, akaja kuwa mkubwa katika elimu ya viumbe visivyo na uhai. Puccini, mtunzi wa michezo ya nyimbo, alizaliwa Lucca mwezi wa Desemba. Mmoja sitampita upesi. Tarehe 18 Machi, mjini Paris, wazazi Wajerumani walipata mtoto wakamwita Rudolf, na jina la ukoo wao lilikuwa Diesel. Mashine aliyoibuni imepeleka pamba ya Maswa na Bariadi kwenye viwanda, na imesaga mahindi yetu. Jina lake linatajwa sokoni kila siku, kwa kuulizia bei, pasipo mtu kujua kama ni jina la mtu.

Katika milima ya kusini ya Ufaransa, kuanzia tarehe 11 Februari hata tarehe 16 Julai, binti mmoja wa mtu maskini, Bernadette Soubirous wa Lourdes, alieleza kwamba ametokewa mara kumi na nane. Habari hiyo wasomaji wanaijua. Mimi nataka kutazama jambo moja tu lihusulo lugha: binti yule hakujua Kifaransa sawasawa. Maneno aliyoyapeleka kwa paroko wake mwezi wa Machi yalikuwa ya lugha ya kwao milimani, ambayo wasomi wa Paris waliidharau, na paroko aliyapokea katika lugha ile ile. Tulikumbuke jambo hili tutakapofika Mwanza.

Mwezi wa Juni Bwana Darwin alipokea barua kutoka visiwa vya mbali vya Umalaya. Mwandishi wake, Wallace, alikuwa ameugua homa, na katika homa ile aliwaza jambo lile lile ambalo Darwin alikuwa akilifikiri kwa miaka ishirini, namna aina za viumbe zinavyobadilika. Maandiko yao wote wawili yalisomwa mbele ya wataalamu London tarehe 1 Julai. Hapana hata mmoja wao aliyehudhuria: Wallace alikuwa angali visiwani, na Darwin siku ile alikuwa akimzika mtoto wake mchanga.

Sasa tuutazame mto. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa makali kuliko kawaida, na mto Thames, ambamo uchafu wote wa London ulikuwa ukimwagwa, ulinuka hata wakubwa wa bunge, ambalo nyumba yake i kando ya mto, hawakuweza kukaa. Mapazia ya madirisha yalichovywa katika dawa ya chokaa ili kuzuia harufu, wala haikusaidia. Watu maskini walikuwa wameinywa taka ile kwa miaka mingi na kufa kwa kipindupindu kwa maelfu, na shauri lilikuwa likikawia. Lakini harufu ilipoingia puani mwa watunga sheria wenyewe, sheria ya kujenga mifereji mikubwa chini ya mji ilipita kwa majuma machache. Ilitiwa sahihi tarehe 2 Agosti. Siku ile ile ilitiwa sahihi sheria nyingine, iliyoondoa utawala wa Bara Hindi katika mikono ya Kampuni ya Wafanya Biashara na kuuweka mkononi mwa Malkia, kwa sababu ya maasi makubwa ya askari yaliyoanza mwaka uliotangulia. Na siku tatu baadaye, tarehe 5 Agosti, merikebu zilimaliza kulaza uzi wa simu chini ya bahari kutoka Ireland mpaka Newfoundland, hata Malkia akamwandikia Rais wa Marekani salamu. Maneno yale hayakutimia mia, lakini yalichukua saa kumi na sita kupita. Na kabla majuma mengi hayajapita uzi ule ulikufa, ukawa kimya. Mwingine haukufanikiwa mpaka mwaka 1866.

Kati ya tarehe 2 na tarehe 5 kuna tarehe 3; na tarehe 3 Agosti 1858 ilikuwa ya Usukuma.

Ili kuieleza siku hiyo yapasa kurudi nyuma kidogo. Miaka michache kabla yake wamisionari wa Rabai na Tanga, Rebmann na Erhardt, walikuwa wamewauliza wafanya biashara waliotoka bara habari za nchi ya ndani, na Erhardt akachora ramani iliyotangazwa Ulaya. Ramani ile ilionyesha ziwa moja tu, kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na nyumba. Wataalamu wengine waliicheka. Lakini kosa lake laeleweka, na kila mwalimu wa lugha atalielewa mara moja. Wa njia ya kusini alisema habari za Nyasa, wa njia ya kati akasema habari za maji ya Ujiji, wa njia ya kaskazini akasema habari za Nyanza; na Nyasa na Nyanza ni ndugu, maana yao ni maji makubwa tu. Kila mmoja alisema kweli juu ya maji yake, na msikilizaji akayaunganisha maji matatu kuwa moja. Hata hivyo ramani ile ndiyo iliyowasukuma Waingereza kuwatuma Burton na Speke waende kutazama kwa macho.

Wawili hao waliondoka pwani mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, wakaenda hata Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakarudi Kazeh mwezi wa Juni. Huko mfanya biashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaambia kwamba kaskazini kuna maji mengine makubwa kuliko yale ya Ujiji. Waarabu waliyaita Bahari ya Ukerewe, kwa jina la kisiwa walichokuwa wakikisikia. Burton alikuwa mgonjwa, tena alipenda kukaa akikusanya maneno ya lugha za bara. Speke akaenda peke yake mwezi wa Julai, pamoja na askari Wabaluchi, wapagazi, na mtu mmoja ambaye habari hii yote inamtegemea.

Mtu huyo ni Sidi Mubarak, aliyeitwa Bombay. Alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Afrika. Huko utumwani alijifunza Kihindustani. Speke naye, kwa kuwa alikuwa afisa katika jeshi la ile Kampuni, alijua Kihindustani kiasi cha kuwaamuru askari. Kiarabu hakukijua, wala Kiswahili. Basi kila neno alilouliza lilitoka kwake kwa Kihindustani likaenda kwa Bombay, kutoka kwa Bombay kwa Kiswahili likaenda kwa mtu aliyetembea na misafara, na kutoka kwa huyo kwa Kisukuma likamfikia mwenye nchi. Na jibu likarudi kwa ngazi ile ile. Hata jina la nchi alilipata kwa njia hiyo. Mnyamwezi wa Tabora akisema sukuma, asema kaskazini. Akisema dakama, asema kusini. Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa yule asimamaye Unyanyembe, na sisi wa Maswa, kwa yule asimamaye Mwanza, ni watu wa kiiya, yaani wa mashariki. Jina la watu aghalabu huonyesha mahali aliposimama mtu aliyewaita.

Njia ya Speke ilipita magharibi ya Maswa. Mwisho wa Julai aliona mkono wa maji, ule uingiao bara karibu na Mwanza, akauita Jordans, jina la nyumba ya wazazi wake huko Somerset. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti alipanda kilima, akaona maji yametanda mbele yake na visiwa vyake. Mtemi wa hapo, Mahaya, alimpokea vizuri, na Mwarabu mmoja aliyekaa hapo, Mansur bin Salim, alimkaribisha. Alichemsha maji ili kwa kipimo cha joto ajue kimo cha nchi, akapata futi 3,740; wapimaji wa leo husema ziwa lipo futi 3,720 hivi juu ya bahari, basi kipimo chake hakikukosa sana. Mashua ya kufaa hakuwa nayo, na wakati ulikuwa umekwisha. Alikaa siku tatu.

Siku moja katika hizo alimwuliza mtu wa pale, aliyesifiwa kuwa ametembea sana, maji haya yaenda mpaka wapi upande wa kaskazini. Speke ameandika alivyojibiwa, nami naona hapa ndipo penye kiini cha mwaka mzima. Mtu yule aligeuka kaskazini, akatikisa kichwa, akawa akiutupa mkono wake wa kuume mbele mara kwa mara na kualisha vidole vikatoa mlio, kuonyesha jambo lisilopimika. Kisha akasema kwamba hapana ajuaye, lakini yeye adhani huenda yafika mwisho wa dunia. Speke aliposikia hayo aliamini kwamba hapo ndipo penye chimbuko la Nili. Alilipa ziwa jina la Malkia wake mbele ya jina lake la zamani, likawa Victoria Nyanza. Nasi tunaposema Ziwa Nyanza tunasema maji makubwa mara mbili.

Wakati huo alikuwa hajui kwamba siku moja kabla hajapanda kilima kile, Kampuni aliyoitumikia ilikuwa imevuliwa utawala wake; wala hakujua habari za uzi wa baharini, ambao siku mbili baadaye ungeunganisha Ulaya na Amerika. Habari yake mwenyewe ilikwenda kwa miguu. Alifika Kazeh tarehe 25 Agosti, wakaondoka pamoja mwishoni mwa Septemba, siku zile nyota ya mkia aliyoiona Donati mjini Florence mwezi wa Juni ilipokuwa ikizidi kung'aa kila jioni. Wakafika pwani Februari 1859, naye akafika London mwezi wa Mei. Miezi tisa, kwa neno moja tu: maji.

Na neno lile lilipokelewa kwa shaka, kwanza na mwenzake. Burton alikataa, tena alieleza sababu yake katika kitabu, nayo ni sababu ya lugha. Alisema kwamba Bombay bila shaka hakukifahamu Kihindustani kibovu cha bwana wake, akakitafsiri vibaya kwa Kiswahili, na msafiri wa tatu akakiharibu tena alipokitia katika lugha ya wenyeji. Basi ushahidi uliopita vinywa vingi namna hii haufai kitu.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, kwa kuwa sisi walimu tumekaa maisha yetu yote katikati ya ngazi hiyo. Ni kweli kwamba neno huharibika njiani. Ziwa la konokono lilitoka humo. Burton alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini yeye aliyejua lugha nyingi kuliko wote hakuliona jambo lililo wazi, kwamba jibu lile lilifika zima. Mtu wa Mwanza hakujisifu kwamba ameona mwisho wa maji. Alisema ajualo, akaashiria asilolijua, akakoma. Bombay naye hakuongeza. Angependa kumfurahisha bwana wake, angaliweza kumletea mto, na mfalme, na hesabu ya siku. Aliyeongeza ni Speke, aliyechukua mlio wa vidole akaufanya chimbuko la Nili. Naye alibahatika kuwa amekisia sawa. Tarehe 28 Julai 1862 aliyaona maji yakitoka ziwani kwa maporomoko huko Jinja, na watu wengine walizidi kubisha; hata tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kushindana na Burton mbele ya wataalamu, alikufa kwa bunduki yake mwenyewe akiwinda. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akathibitisha kwamba ni maji mamoja. Kutoka kusini hata kaskazini ni zaidi ya kilometa 300. Vidole vya Mwanza havikusema uwongo.

Stanley ndiye anayetuleta Maswa. Kabla hajafika ziwani Februari 1875 alipita Usukuma wa mashariki, akaufuata mto wetu wa Simiyu, akaandika kwamba huo ndio mwanzo wa Nili wa kusini kabisa. Hapo alikosa, maana mito ya Burundi na Rwanda huanza mbali zaidi. Tena ndiye aliyeliita Ghuba ya Speke lile pembe la ziwa ambamo Simiyu humwagika. Basi mvua inayonyesha Bariadi, ikitelemka Simiyu, huingia katika maji yenye jina la mtu aliyepita mbali nasi.

Laiti mtu angaliandika upande wa pili! Wazee wa Mwanza walisema nini jioni ile, mgeni alipokwisha kuchemsha maji asiyapikie kitu? Watu wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Mwaka ulijulikana kwa nzala, yaani njaa, kwa nzige, kwa mtemi aliyetawazwa au aliyekufa. Na sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa kama jiwe la mpaka, watu wakisema mtoto fulani alizaliwa kabla yake au baada yake. Hesabu hiyo haikosi akili, ila yataka mtu wa kuilinganisha. Mwalimu akiandika majina ya watemi wa mahali pake mfululizo, na njaa zilizotokea zama za kila mmoja, akirudi nyuma toka sotoka, aweza kufika karibu na 1875, na pengine karibu na 1858. Wazee walio hai leo hawakumwona aliyeona, lakini wengine wao waliwasikia waliosikia, nao wanapungua kila mwaka.

Siku hizi niandikapo mwaka 1858 ubaoni, mstari wa Mwanza sikuuweka tena mwishoni. Nauweka mahali pake, kati ya sheria za tarehe 2 na uzi wa tarehe 5, na majina yaliyomo ni manne: Speke, Bombay, Mahaya, na Mansur bin Salim. La tano, la yule mtu aliyealisha vidole, Speke hakuliandika, nami naacha nafasi yake wazi. Mwalimu au padre yeyote wa Ntuzu, Itilima, Kanadi au kwingineko katika Simiyu aliye na majina ya miaka kama nilivyoeleza, na ayalete kama alivyoyasikia, kwa Kisukuma kwanza na Kiswahili chini yake, pamoja na jina la mahali alipoyasikia.